Njia ya Mkato Shambani kwa Bi Aili

Jumatatu, 6 Februari

Theluji ya kufa mtu. Wateja hakuna. Nimeshinda kwenye kaunta ya baa yangu nikisugua glasi ambazo ni safi. Supu ya njegere imefanya ngozi juu. Marlys, mke wangu, akaitazama, akasema labda tuwape kunguru. Akaongeza kwamba hata kunguru siku hizi wanakula kwa Gordy.

Ni kweli! Nimepita kwa Gordy LaFave kuhakikisha. Pikipiki za theluji zimepangwa mbele ya baa yake kama harusini. Sababu ni moja tu: njia ya klabu ya pikipiki hizo inapita chini ya dirisha lake. Kuja kwangu lazima mtu azunguke shamba zima la Bi Aili Ruona, afike darajani, ndipo arudi. Nani mwenye njaa na baridi atazunguka hivyo? Anaingia kwa Gordy, anakula pasti za Gordy, vile vimkate vya nyama na viazi, zilizokauka kama soli ya kiatu, na anazisifu!

Nimepata wazo. Shamba la Bi Aili limelala katikati yangu na njia. Ukilikata moja kwa moja, hujapasha moto injini uko mlangoni kwangu. Bibi anairuhusu klabu ipite ukingoni mwa shamba lake kwa maneno ya mdomo tu, na sharti ni moja: mtu asitoke nje ya njia. Sawa. Mimi simwambii mtu atoke. Mimi nitapita tu. Watu wa pikipiki wakiona mahali mwenzao amepita, wanafuata. Kosa ni la anayefuata.

Jumanne, 7 Februari

Nimefanya!

Nilitoka alfajiri, Marlys angali amelala. Nikaenda na kurudi, nikaenda na kurudi, mpaka ikatokea njia pana, nzuri, ya kujivunia. Nilizama mara mbili kwenye theluji laini nikajifukua kwa mikono. Chini ya pikipiki kulikuwa na kitu kinakwaruza, kama chanuo kwenye nywele ngumu. Vichaka, bila shaka.

Katikati ya shamba nikakuta ufito mrefu umesimikwa, una kitambaa chekundu kileleni. Umekaa vibaya sana. Mtu akiuona atadhani kuna hatari, ageuze. Nikaung'oa, nikautupa pembeni.

Mchana wakaja! Wa kwanza mume na mke kutoka Wisconsin, mashavu mekundu kama nyanya. Wakauliza kama ile njia ni halali. Nikawaambia watu wa huku ni wakarimu. Jioni supu ikaisha. Marlys akauliza wametokea wapi wote hawa. Nikamwambia ni Mungu.

Alhamisi, 9 Februari

Bi Aili amekuja, kwa miguu, na vile viatu vyake vipana vya kutembelea thelujini. Mdogo kama kichongeo cha penseli, lakini wanaume wazima walimpisha.

Ile si vichaka. Ni misonobari ya Krismasi, miche midogo, amepanda kwa mikono yake kiangazi kilichopita na kile cha kabla yake. Theluji imeifunika, haionekani. Pikipiki zikipita juu zinaikata vichwa. Msonobari uliokatwa kichwa haukui tena wima, alisema, na hakuna anayeuweka sebuleni mti uliopinda.

Akaniuliza nimeona nani aliyeanza. Nikasema watu wa mjini, mama, hawana adabu, hawajafundwa.

Akatoka nje. Akainama kwenye pikipiki yangu. Kwenye ule mkanda wa chini unaoisukuma vilikuwa vimenasa vijisindano vya msonobari vya kijani, tele. Akachomoa kimoja, akakinusa. Akarudi, akamaliza kahawa yake bila haraka.

Akasema: "Delbert, mwambie huyo mtu wa mjini hivi. Nikiona alama nyingine shambani mwangu, nafunga yote. Na ukingo wa klabu pia."

Nilimwahidi nitamwambia.

Akifunga ukingo, njia yote imekatika. Hakuna atakayepita kuja kwangu wala kwa Gordy. Mtu mwenye busara angeacha hapo. Mimi nimeona kinachotakiwa ni kuliendesha jambo kwa akili zaidi.

Ijumaa, 10 Februari

Mkutano wa klabu, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Mwenyekiti ni shemeji yangu Rudy, kaka yake Marlys. Yeye ndiye anayeendesha trekta la kusawazisha njia, bure, kila wiki, miaka nenda rudi. Mtu wa sheria mno. Akiwa peke yake msituni, hakuna mtu wala sungura, bado ananyoosha mkono kuonyesha anapogeukia.

Rudy alisema kwa sauti ya kuomba. Ardhi si yetu, alisema. Tunapita kwa hisani ya watu. Mtu mmoja akifanya ufedhuli, sote tunakaa nyumbani.

Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko kwamba wateja wa Gordy wanakunywa kupita kiasi.

Gordy hakusimama hata. "Delbert, kaka, wateja wangu wakilewa wanakuja kwako kufanya nini? Kutubu?"

Wakacheka. Hata mchungaji.

Hapo nikatoa karata yangu. Nikajitolea kwenda kuziba ile njia mimi mwenyewe, kesho, kwa nyavu za klabu. Makofi! Rudy akanikumbatia mbele ya watu. "Shemeji, huwa nakusema vibaya. Nisamehe." Nilimsamehe.

Jumamosi, 11 Februari

Nimeziba. Fito, nyavu za rangi ya chungwa, kazi ya kupendeza, mtu akiitazama kwa mbali atatoa machozi. Ila nyavu hazikutosha. Zilizobaki nimezikunja chini ya kiti changu. Pengo ni dogo, linatosha pikipiki moja, mwendeshaji asipokuwa na pupa.

Wamepita. Baa imejaa. Marlys alikuwa anaimba jikoni, kitu ambacho sijakisikia tangu tufungue hapa. Nilimsikiliza nyuma ya mlango. Nikajiambia, haya, unaona? Mtu anafanya haya kwa ajili ya familia.

Jumapili, 12 Februari

Siwezi kuandika vizuri.

Upepo na theluji tangu asubuhi. Rudy alitoka kanisani akasema anakwenda kuiona kazi yangu, apige picha aipeleke kwa Bi Aili, bibi atulie. Akakuta pengo, na alama mbichi zinapita katikati. Hakugeuza. Akazifuata, awakamate wahusika.

Chini ya ile theluji kuna reki ya chuma, ile kubwa ya kukokotwa na trekta, ya marehemu mume wa Bi Aili. Ilizama udongoni zamani, haikutolewa. Rudy ameigonga. Ndiyo maana ya ule ufito.

Nilisikia king'ora nikadhani ni polisi wanakuja kula.

Tulipofika, Bi Aili alikuwa amepiga magoti thelujini, koti lake amemfunika Rudy, yeye amebaki na sweta. Kichwa cha Rudy kiko mapajani mwake. Anamsemesha Kifini, lugha ambayo Rudy haijui, na Rudy anaitikia. Pikipiki iko mbali, imepinduka, injini bado inanguruma. Mguu sitauandika. Marlys alianguka mara mbili akikimbia.

Mimi nilisimama. Kila mtu alikuwa na cha kufanya. Nikatazama ile njia, jinsi ilivyonyooka mpaka mlango wa jiko langu, mtoto mdogo angeisoma. Nikaanza kuipiga mateke theluji kuifunika. Pole pole, kama mtu anayepasha miguu joto. Nilipoinua macho, wahudumu walikuwa wanamwinua Rudy kwenye machela, na Bi Aili alikuwa ananitazama.

Jumatano, 15 Februari

Hospitali. Wamemkata Rudy mguu chini ya goti. Nilipeleka pasti.

Rudy amelala mweupe kama shuka. Aliniambia nikae. Akaniuliza nyavu zilikuwaje. Nikasema nzuri, ila upepo uling'oa kipande. Akauliza na ufito wa Bi Aili je. Upepo, nikasema.

"Nilikuwa nauona moshi wa jiko lako, shemeji," akasema. "Mbele yangu kabisa. Nikawa nasema moyoni, hapana, si Delbert. Zitapinda mahali hizi alama. Zitapinda tu."

Nikamwambia apumzike, asijichoshe na kuongea. Nikaenda kutafuta kahawa. Sikurudi chumbani. Msongamano wa magari ulikuwa mkubwa na ilinibidi niwahi kuondoka.

Jumatatu, 20 Februari

Bi Aili amefunga. Mnyororo pande zote mbili, na kibao alichoandika kwa rangi kwa mkono wake. Wenye mashamba wengine wawili wamesikia habari za Rudy, nao wamefunga. Hawataki mtu afe kwao. Trekta la klabu limeegeshwa, limefunikwa turubai.

Bibi alikuja kuniambia mwenyewe. Alisema ule ufito anausimika kila mwaka kabla ya theluji ya kwanza, na hakuna upepo uliowahi kuuondoa. Nikamweleza kwamba hali ya hewa imebadilika sana duniani.

"Delbert," akasema, "sikuja kukuuliza."

Marlys alikuwa jikoni, amesikia yote. Hakupiga kelele, ningefurahi angepiga. Alifungasha nguo zake akachukua na sufuria la supu. Anahamia kwa Rudy, anayehitaji mtu wa kumsaidia. Nikamuuliza atarudi lini.

"Mguu wa Rudy ukiota," akasema, akafunga mlango taratibu.

Ijumaa, 24 Februari

Gordy amefunga baa yake. Amemwachisha kazi mpishi na yule dada wa kaunta mwenye mapacha. Alikuja kwangu leo, nikajificha kidogo, nikidhani amekuja kunipiga. Alikaa tu kitini akiwa na koti lake.

"Umenishinda," akasema. "Sasa wateja wako na wangu ni sawasawa."

Tukakaa wawili katika baa tupu tukila biskuti za chumvi. Sina supu. Alikuwa na machozi nadhani, au ni mafua, mwanaume mzima huwezi kumuuliza. Alipoondoka alisema jambo moja la ajabu: kwamba angekuwa mimi angekwenda kwa Rudy akapige magoti.

Nimelifikiria jambo hilo kwa makini karibu jioni nzima.

Jumapili, 26 Februari

Nimeamka na jibu!

Tatizo letu tangu mwanzo lilikuwa ardhi. Ardhi ina wenyewe, na wenyewe wana hasira na minyororo. Lakini nyuma ya baa yangu kuna ziwa, limeganda tangu Desemba. Ziwa ni mali ya nani? La watu wote! Hakuna shamba, hakuna mche, hakuna bibi. Kutoka barabara kuu ya ng'ambo mpaka mlango wangu wa nyuma ni mstari mmoja, laini kama meza. Baa itajaa. Marlys atasikia, atarudi. Rudy nitampa kiti cha dirishani, ale bure, atazame watu wakipita.

Wiki hii joto limepanda, mvua imenyesha siku mbili, mapaa yanadondosha maji. Vizuri sana, watu wanapenda kutoka kukiwa na joto. Nilisimama ufukweni asubuhi nipime macho. Juu ya barafu kuna maji kidogo, yanang'aa, yanapendeza.

Kilichokuwa kinanisumbua ni vibanda vya wavuvi wanaotoboa barafu na kuvua juu yake, vingeziba njia. Lakini bahati imenigeukia hatimaye. Tangu juzi wamekuwa wakiviburuta nchi kavu, mbio mbio, wengine wanakimbia kabisa. Leo hakuna hata kimoja.

Ziwa lote wameniachia mimi. Kesho alfajiri napitisha pikipiki.