Lazaro Asiyetulia

Jumatatu, 16 Machi 2026

Daktari ameniambia niandike kila siku nimelala vipi na miguu imesumbua kiasi gani. Haya. Sikulala. Miguu imesumbua. Kazi ya daktari imekwisha, sasa niandike mambo ya maana.

Mzee Clemens amegomea posa yangu!

Jana nilikwenda kwake na mshenga. Nikapewa kiti cha heshima. Edith, binti yake, akaleta chai bila kuniangalia, kama inavyotakiwa. Mshenga akaanza kumwaga maneno yake mazuri, na hapo hapo miguu ikaanza. Mtu mwenye miguu ya kawaida hawezi kuelewa. Ni kama siafu wanaandamana ndani ya mfupa, na hawatulii mpaka utikise. Nikatikisa. Meza ikatikisika. Birika likatikisika. Chai yote ikaishia kwenye suruali ya kijivu ya mzee, ile anayovaa siku za ubatizo, maana yeye ndiye katekista wetu.

Na mimi sikuona! Nilikuwa naangalia redio yake kabatini. Spika moja imekufa, nilijua kwa kusikiliza tu. Mzee anajifuta mapajani, mimi namwuliza kama ana bisibisi.

Alijibu kwa upole wa kutisha. Alisema kwao mtu akikutikisia mguu anakuambia uondoke, na yeye hajawahi kufukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akaongeza kwamba mwanamume asiyeweza kutulia kwenye kiti mpaka chai ipoe hawezi kutulia na mke. Mshenga akaitikia kwa kichwa. Mshenga wangu mimi! Kisha mzee akatoka kwenda kuwatazama mbuzi. Alikuwa ameshatoka kuwatazama tangu tulipofika, tena na tena. Nadhani ana mbuzi wakorofi.

Edith anataka nimwambie baba yake ukweli. Kwamba ni ugonjwa, kwamba daktari amenieleza yote mawili: miguu isiyotulia, na akili inayorukaruka kama redio inayotafuta stesheni, na kwamba mara nyingi hivi viwili hutembea pamoja. Nimekataa. Nimwambie baba mkwe kwamba nina ugonjwa wa miguu na wa kichwa? Atauliza katikati kumebaki nini.

Nitafanya kwa akili. Nina mpango, ila nimesahau nusu yake.

Jumanne, 17 Machi

Nimeukumbuka! Jumapili hii injili ni ya kufufuliwa kwa Lazaro, na vijana wa parokia wataigiza baada ya misa. Msimamizi ni Mzee Clemens. Edith ni Maria. Monika wa kwaya ni Marta. Yesu ni Marselino, kwa sababu ya ndevu tu, hana sifa nyingine. Huyu Marselino analima ulezi kule Kate na kila akija mjini anapitisha gunia kwa Mzee Clemens. Eti zawadi kwa katekista. Anamtaka Edith, hata mbuzi wa mzee wanajua.

Lazaro hakuwa na mtu. Vijana hawamtaki kwa sababu hasemi neno. Kwangu mimi hiyo ni neema. Mwaka jana nilipewa sentensi moja, askari wa Herode, nikaisema kwenye harusi ya Kana.

Nikaenda mazoezini. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikaomba niwe Lazaro. Mzee akanitazama, akaitazama miguu yangu, akaniuliza kama ninafahamu kwamba Lazaro alikufa. Nikasema ninafahamu. Akafikiri. Kisha akasema mbele ya wote: nikilala kimya mpaka niitwe, nirudi kwake na mshenga. Nikitikisika kabla, nisikanyage tena mlango wake, na posa nyingine itasikilizwa.

Posa nyingine! Marselino alicheka mpaka ndevu zikapoteza utakatifu.

Jumatano, 18 Machi

Miguu: mibaya. Mpango wa leo ulikuwa kuichosha. Mguu uliochoka hauna nguvu ya kutikisika, hii ni sayansi. Nikachukua baiskeli, nikapanda kuelekea milima ya Mbizi asubuhi, ukungu mtupu, sweta mbili. Njiani nikasikia redio inakoroma nyumbani kwa watu. Nikaingia tu kusalimia. Nikaifungua. Tatizo lilikuwa dogo, lakini ndani nikakuta buibui mwenye mayai, tukakaa kumjadili na wenyeji. Nikala viazi. Nikashuka mbio kuwahi mazoezi.

Nimefika mazoezini ndipo nikakumbuka nilipanda na baiskeli.

Kaburi ni meza mbili za darasa la mafundisho zilizofunikwa turubai. Unalala chini yake umefungwa shuka nyeupe. Nikalala. Miguu ilikuwa imechoka kabisa, na ikaanza kutikisika kwa uchovu! Nikabana kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa kile cha mguu wa kulia. Shida ni Monika. Marta kwenye injili ana maneno machache, lakini Monika anaongeza yake. Leo alimweleza Yesu habari za mvua. Shuka ikatikisika kidogo pale miguuni. Nilimwona mzee kwenye upenyo, anatembea huku na huku kama anavyofanya kanisani wakati wa misa, akiwakodolea macho watoto wanaosinzia. Aliona. Akazidi kutembea.

Alhamisi, 19 Machi

Jibu nimelipata dukani kwa Hamidi, jirani wa kibanda changu cha kutengeneza redio. Mpira! Ile mikanda ya tyubu ya kufungia mizigo. Nitajifunga kuanzia vifundoni mpaka magotini, shuka juu yake, nani atajua? Tena injili yenyewe inasema Lazaro alikuwa amefungwa miguu na mikono. Ni uaminifu kwa Maandiko.

Hamidi amefunga, kwa hiyo uvumilivu wake mchana ni mdogo. Alisema mpira ule ni wa kufungia magodoro na kuku, hajawahi kuuza wa kufungia mkwe. Nikaujaribu pale pale dukani. Unabana vizuri sana. Niliruka mara mbili nikaanguka kwenye ndoo za plastiki, Hamidi akaniambia nimwache afuturu kwa amani.

Nimekumbuka na kidonge! Daktari aliona damu yangu ina upungufu wa madini ya chuma, akanipa vidonge. Nimemeza kimoja na chai ya rangi, kikombe kikubwa. Kuna jambo alisema kuhusu chai. Litanijia.

Jumamosi, 21 Machi

Idd! Hamidi alinikaribisha kwake. Mkewe Naima anapika pilau ambayo mtu unaweza kubadili mipango kwa ajili yake. Edith alinionya asubuhi: nile, nishukuru, nisiguse kahawa, kesho ni siku yetu. Niliahidi. Lakini kahawa ililetwa na kashata, na mtu hawezi kula kashata kavu. Halafu mjomba wa Hamidi akaanza hadithi ya lori lao lililokwama barabara ya Kirando, na kila likikwama tunamiminiwa kikombe. Lori lilikwama sana.

Jioni Edith alipita kibandani. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema mshenga wa Marselino ameshakuja kuulizia, na baba yake amemwambia asubiri Jumapili ipite. Akasema yeye hataki mtu aliyetulia, anataka mimi, lakini hawezi kumwambia baba yake jambo ambalo mimi mwenyewe naona aibu kulisema. Akaondoka kwenye mvua bila mwavuli.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo. Tangu utoto nimekuwa yule anayeambiwa atulie: darasani, kanisani, msibani. Watu wanadhani ninadharau. Sijawahi kumdharau mtu, na Mzee Clemens ndiye wa mwisho ambaye ningependa anione hivyo.

Mpira upo. Shuka ipo. Nitatulia.

Jumapili, 22 Machi

Sikutulia.

Mvua ilinyesha, tukahamia ukumbini. Umejaa mpaka madirishani. Nikalazwa chini ya meza nikiwa nimefungwa barabara. Mwanzo nilikuwa maiti nzuri mno. Mtoto mmoja alianza kulia, nikajivunia. Shida ikaanzia juu: kwenye upenyo wa turubai niliona waya wa spika ya ukumbi umechomoka nusu. Nani alifunga vile? Akili ikaenda kwenye waya, na nani analinda miguu?

Marta akaanza na waombolezaji, kabla Yesu hajaingia. Monika alikuwa na watu mia tano wa kumsikiliza, akajua siku yake imefika. Alieleza Lazaro alivyougua. Alieleza majirani waliosaidia na wasiosaidia. Akaingiza kaka yake halisi wa Milepa aliyeumwa mwaka juzi. Na kahawa ya Idd, yote, ilikuwa imeshuka miguuni. Siafu! Jeshi zima! Nikabana. Nikauma shuka. Nikasali, kwa Lazaro mwenyewe.

Mguu wa kulia ukarusha teke. Kwa kuwa imefungwa pamoja, na wa kushoto ukaenda. Meza ya kwanza ikaondoka. Ya pili ikafuata, turubai likaniangukia, na kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, mweupe kuanzia kichwani, Marta bado anasema kwamba ndugu yake ananuka.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele alipiga ishara ya msalaba na kukimbia. Yesu alikuwa hata hajafika Bethania. Marselino alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake, akapiga kelele ukumbi mzima ukamsikia: wewe, bado! Rudi ufe!

Watu walicheka mpaka mabati yakaitika. Nilitaka kukimbia, lakini mpira ni mpira. Niliruka kama chura, mara moja, mara mbili, ya tatu nikaanguka kifudifudi, na nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yangu. Ilikuwa miguu ya Mzee Clemens. Suruali ya kijivu. Ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu. Kwa hasira, nikajua. Kamwe sitasahau hasira ile.

Edith alikuja akanifungua mpira mbele ya watu wote, machozi yanamtoka. Sikujua kama analia au anacheka.

Jumatatu, 23 Machi

Mzee Clemens amekuja kibandani!

Niliingia chini ya meza ya kazi. Akasema amenizoea nikiwa chini ya meza, nitoke tu. Nikatoka. Shikamoo. Marahaba. Nikampa stuli, akakataa. Akawa anatembea kati ya redio mbovu, anazigusa, anazirudisha. Nikasema yote kwa pumzi moja: ni ugonjwa, ni viwili, vina majina, si dharau, naomba msamaha kwa suruali.

Akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo kama kwangu na mimi ni siafu.

Nikasema siafu, mzee, ndani ya mfupa.

Akauliza kama huzidi jioni, ukikaa. Akasema marehemu mke wangu, yaani mkewe, mimi sina marehemu, alikuwa akimlalamikia kwamba anampiga mateke usingizini. Naye anayo miguu hiyo hiyo, tangu ujana! Hajamwambia mtu. Alichukua ukatekista kwa sababu katekista anaruhusiwa kutembea wakati wa misa. Na mbuzi wake ni wapole kabisa, hawahitaji kutazamwa. Siku ya posa alitoka kwa sababu miguu yangu iliianzisha ya kwake.

Tulitazamana. Nikacheka, naye akacheka, kisha akageukia ukutani kidogo akafuta macho. Aliniambia nilete mshenga Jumatano, ila tutazungumza tukitembea.

Jumatano, 25 Machi

Posa imepokelewa! Tumezunguka shamba la mahindi, mzee mbele, mimi nyuma yake, mshenga nyuma kabisa akilalamikia viatu na matope. Edith alitutazama kutoka jikoni akicheka waziwazi, bila kujificha, kinyume na desturi zote. Nilijisikia furaha ya kutisha.

Mzee amekubali kwenda nami kwa daktari. Kwa kusherehekea tulimeza vidonge vyangu, kimoja kimoja, na chai ya rangi. Edith alitunyang'anya birika. Sijui kwa nini.

Ila kuna jambo moja dogo. Nikirudi nilipita parokiani, nikasikia wanatafutwa wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Marselino ameshajiandikisha wa kwanza, anajivuna. Sikufikiri sana. Nimejiandikisha, na mzee nimemwandikisha pia, atafurahi nikimwambia. Ni kukaa kimya tu kwenye kiti mbele ya kanisa zima, jioni, Padre akiwa amekushika mguu na beseni la maji chini.

Mpira wa Hamidi bado ninao. Nimeupima, unatosha watu wawili.