Maboksi Mawili ya Daktari wa Spika

Daktari wa Spika hakusomea udaktari wala spika. Alichokuwa nacho ni koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na jicho la kumtambua mtu mwenye shida kabla hajafika mlangoni. Alhamisi moja asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka lake, aliwaona watu wawili wakivuka barabara na spika iliyoungua. Alijua imeungua kwa jinsi walivyoibeba: taratibu, kama mgonjwa ambaye familia imeshaambiwa ukweli.

"Poleni sana," alisema, akasimama. "Ilikuwa lini?"

"Jumapili," alijibu mwanamume, ambaye alikuwa kiongozi wa bendi. "Katikati ya wimbo wa tatu. Ilitoa moshi, watu wakapiga makofi. Walidhani ni mapambo."

Nyuma yake alisimama mpiga besi wa bendi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, gitaa lake mgongoni. Alikuwa mdogo wa mke wa kiongozi, na siku za kazi alikuwa dobi. Kiongozi ndiye aliyesema, tena kwa ugonjwa ule wa wenye shida, wa kumwaga kila kitu kabla hata bei haijatajwa.

"Tunapiga kwenye ukumbi mmoja, kila Jumapili mchana, mwaka wa nne sasa. Mwenye ukumbi anasema besi yetu hata kabla ya moshi ilikuwa kama mbu wa chumba cha jirani. Jumapili hii akimsikia mbu tena, anaweka bendi nyingine."

Kuna jambo moja alilimeza. Mwenye ukumbi alikuwa amependekeza pia wamwache shemeji na kumtafuta mtu wa kinanda, ambaye besi angeipiga kwa mkono wa kushoto. Kiongozi aliamini shemeji hajui. Shemeji alikuwa nyuma ya mlango siku ile, na alisikia kila neno. Lilimuuma. Siku mbili nzima hakuligusa gitaa lake.

"Mna bajeti gani?" Daktari aliuliza. Alipoambiwa, alifumba macho. "Kwa pesa hiyo, madukani mtapewa redio na pole. Lakini nyinyi hamkuja dukani. Mmekuja kwa daktari. Karibuni ndani."

Hapa inafaa msomaji aambiwe siri ya chumba kile, maana si haki na yeye aingizwe mjini pamoja na wateja. Daktari alikuwa na maboksi mawili ya besi, yamevikwa kitambaa cheusi kilekile, wavu uleule wa chuma, vitufe vilevile vinavyong'aa. La kwanza lilikaa mbele, juu ya zulia, na aliliita Bwana Harusi kwa sababu lilivaa vizuri na halikuwa na la kusema: ndani mlikuwa na matofali saba na nusu yaliyofungwa kwenye godoro. La pili, Bibi Harusi, lilikaa nyuma ya pazia. Hilo lilikuwa zima, amplifaya na spika ya inchi kumi na tano, na halikuwa la kuuzwa hata kwa dawa. Waya ulitoka kwa Bwana, ukapita chini ya zulia, ukaingia kwa Bibi. Wateja walimsikia Bibi, wakamlipia, wakaondoka na Bwana.

Ile nusu ya tofali ndiyo iliyokuwa fahari yake. Daktari aliyabeba maboksi yote mawili hadi kwenye mizani ya mwenye bucha, akalikata tofali la mwisho kidogo kidogo mpaka kilo zikalingana. Binadamu, alipenda kusema, hupima ubora kwa mgongo.

"Wati ngapi?" kiongozi aliuliza, akimpapasa Bwana Harusi kwa macho ya mchumba.

"Elfu moja. Elfu moja na mia tano, mkilipenda."

"Za kweli au za kwenye stika?" shemeji aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Daktari alimtazama upya. "Dada anaelewa kazi. Wateja kama wewe ndio wanaonipa moyo." Alipomvisha kilemba hicho cha ukoka, akamnyooshea waya wa gitaa. "Stika tuwaachie wasioweza kusikia. Piga."

Shemeji alivua viatu kwanza. Daktari aliona, akadhani ni heshima kwa zulia. Hakujua, kwa sababu hajawahi kupiga besi maishani mwake, kwamba noti nzito mtu huisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Shemeji alipiga noti moja ndefu. Chumba kikanguruma, kalamu zikatikisika mfukoni mwa Daktari, na kiongozi akacheka peke yake kwa furaha.

Shemeji alisogea hatua mbili kuelekea boksi, akapiga tena. Halafu hatua mbili kuelekea pazia, akapiga tena. Mngurumo wote ulikuwa unampanda kutoka upande wa pazia. Aliivaa ndara moja, akafikiri, akaivaa ya pili.

"Tunalichukua," kiongozi alisema.

"Subiri, shemeji. Daktari, limenipendeza mno. Ila chumba kidogo hata beseni linanguruma. Mimi nataka kulisikia ukumbini, nikisimama kule nyuma kabisa, mwingine akipiga. Lilete Jumapili saa saba, kabla ya watu. Likisema kama lilivyosema hapa, unalipwa palepale." Alisita kidogo. "Na mwenye ukumbi atakuwepo. Spika zake nane zote zimechoka."

Nane. Neno hilo lilimwingia Daktari kama chai ya moto siku ya mvua.

"Jumapili saa saba," alisema, "nitakuwa mlangoni."

Na alikuwa mlangoni, na mkokoteni, na maboksi mawili chini ya shuka.

"Hili la pili?" kiongozi aliuliza.

"La akiba. Pacha wake, ndani na nje. Daktari haendi na sindano moja."

Bibi Harusi alipandishwa jukwaani. Kiongozi alipiga, shemeji akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na milango ya vyoo, pekupeku. Sauti ilimfikia nzito na safi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu. Mwenye ukumbi, mtu mrefu asiyependa maneno, alitoka ofisini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ni besi." Kiongozi akatoa bahasha, Daktari akaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa mnipe nafasi," alisema. "Mashine ikiguswa na hewa ya mahali papya, lazima skrubu zikazwe. Ni kazi ya faragha."

"Kaza, Daktari," alisema shemeji.

Nyuma ya jukwaa, kwa dakika tatu na jasho jingi, Bwana Harusi alipanda jukwaani na Bibi Harusi akarudi mkokotenini, chini ya shuka lake. Daktari alikuwa anajifuta uso shemeji alipomwita.

"Mwenye ukumbi anakusubiri ofisini. Kuhusu zile nane."

Mlango wa ofisi ulipofungwa, shemeji alilikaribia boksi la jukwaani, akaweka kiganja mgongoni mwake. Mtu aliyepiga pasi miaka kumi na mmoja haulizi joto mara mbili. Lilikuwa baridi kama ukuta. Akaenda kwenye mkokoteni, akapenyeza mkono chini ya shuka. Boksi la huko lilikuwa na joto zuri, la mashine iliyotoka kazini.

"Shemeji," alimwambia kiongozi, "shika huku."

"Tunafanya nini?"

"Tunachukua tulichokilipia."

Daktari alitoka ofisini akiwa ameahidi spika nane na kunywa soda mbili. Aliaga haraka, akashika mkokoteni. Ulikuwa na uzito uleule, kilo kwa kilo, na moyo wake ukatulia.

Alifika kona ya tatu, mbele ya saluni, alipohisi kitu kwenye nyayo. Aliangalia chini. Barabara ilikuwa inagonga, du, du, du, kwa mpigo wa kuchezeka. Ndani ya saluni mtu alianza kutikisa mabega. Daktari alisikiliza, kwa miguu, kwa mara ya kwanza katika taaluma yake. Jibu la kwanza lililomjia ni kwamba matofali yake yamejifunza muziki. La pili lilimfanya atoe bisibisi.

Aliliona godoro. Aliiona na ile nusu ya tofali, iliyokatwa vizuri.

Aliporudi ukumbini watu walikuwa wamejaa, wanacheza. Alisimama mlangoni na mkokoteni wake mpaka wimbo ukaisha. Shemeji alimwona, akashuka jukwaani pekupeku. Mwenye ukumbi naye akasogea.

"Daktari, umesahau nini?" shemeji aliuliza.

"Nadhani," alisema Daktari kwa sauti ndogo, "tumechanganya maboksi."

"Si yanafanana?" alisema shemeji. "Ulituambia mwenyewe, ndani na nje."

"Yanafanana, dada, ila..."

"Basi lifungue hilo hapa, mbele ya mwenye ukumbi, utuonyeshe tofauti ni ipi. Yeye ndiye mteja wa zile spika nane."

Daktari alimtazama mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi aliitazama bisibisi. Shemeji hakuwa na haraka, alikuwa na ukumbi mzima unaomsubiri.

"Hapana," alisema Daktari mwishowe. "Nilikuja kuhakikisha tu kama linanguruma."

"Linanguruma, Daktari. Asante."

Shemeji alipanda jukwaani, na kabla ya wimbo uliofuata kiongozi alimshukuru kwenye maikrofoni yule bwana wa koti jeupe aliyewauzia mtambo mzuri kwa bei ya huruma. Watu walimpigia makofi mengi. Ilimbidi ainame.

Kisha akageuza mkokoteni kuelekea dukani, besi ikimsindikiza kwa chini mpaka mtaa wa pili. Mzigo ulikuwa mzito kuliko alipoondoka mara ya kwanza, ingawa mizani ya mwenye bucha ingeapa kuwa ni kilo zilezile.