Osmosisi ya Makande

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya saba nafundisha kemia hapa Mhezi. Seli hai hupokea na kutoa kupitia utando wake. Chumba changu hakipokei chochote. Aliyebisha hodi ni Mama Ernesta, mwenye nyumba, akidai ungo wake. Ng'ambo ya njia, kwa Mwalimu Victoria, nimehesabu wageni tisa. Tisa! Na anafundisha historia.

Nimepata mpango. Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa kwangu: somo la seli, kwa makande. Anayekula hawezi kuondoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimewaalika walimu wote. Wilbard wa hesabu akauliza kama kutakuwa na nyama. Nikamwambia kutakuwa na osmosisi. Akasema hajawahi kuila, ila kama ina pilipili atajaribu. Wote wakacheka. Nimehesabu hicho kicheko kama ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio. Maharage yamelala ndani ya maji, yakavimba: maji yamepenya utando kufuata penye chumvi na sukari nyingi. Osmosisi safi kabisa. Kisha magadi, ambayo huyeyusha gundi inayoshika seli za maharage. Wapare wa hapa hutia kidogo. Nikatia mara nne, kuokoa kuni.

Uji wa kijani wenye ladha ya sabuni.

Mama Ernesta akapita, akauliza kama nafua. Nikamwamkia, nikamweleza ile gundi. Akaanza kusema jambo: "Jumamosi, pembe ikilia..." Nilikuwa sijamaliza gundi. Nikaendelea. Akaniitikia tu, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tatu. Mabakuli kumi, ubao umefutwa, makande mapya jikoni. Pembe ikalia kilimani. Nikadhani harusi.

Saa nne. Hakuna mtu.

Saa sita. Nikatoka. Hata kwa Victoria kimya. Nimefundisha somo lote, kwa sauti, mbele ya mabakuli. Hakuna aliyeuliza swali.

Jioni Mama Ernesta akaja, matope hadi magotini. Kumbe ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Leo walizibua mfereji. Victoria alikuwa mbele kabisa na jembe. Walipika makande hukohuko.

"Walikuulizia, mwalimu. Tukakuwekea haya." Akanipa bakuli. "Jumamosi ijayo tunamalizia. Wewe njoo tu na jembe. Langu hili hapa."

Akaliegemeza mlangoni, akaenda.

Makande yalikuwa laini. Nimeyala nimesimama. Walikuulizia, amesema. Nimeliandika neno hilo mara mbili pembeni mwa ukurasa huu.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani wametangaza: Jumamosi, mferejini, wote. Kijiji kizima mahali pamoja, miguu ndani ya matope, hakuna pa kukimbilia!

Nimeandaa somo la muda wa saa mbili. Ubao ni mzito, lakini nitaufikisha. Jembe la Mama Ernesta nalo limefika wakati mwafaka: nitalichomeka ardhini, niegemezee ubao.