Fremu Iliyobonyea Ni Hatari kwa Khamisa Peke Yake

Mtaa wa Bondeni,
Nakuru.
Oktoba 2008

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama ya Mtaa
(ambaye pia ni shemeji yangu Jalal, wa nyumba ya nne kutoka kwangu).

KUH: BAISKELI YANGU ILIYO MIKONONI MWENU

Mheshimiwa Mwenyekiti, Shemeji,

Assalamu alaikum. Ijumaa iliyopita nilikuuliza mlangoni kwako nitarudishiwa lini baiskeli yangu, ukanijibu kwamba mambo ya kamati hayasemewi mlangoni, yaletwe kwa maandishi. Basi nimeyaleta. Nimenawa unga mikononi, nimekaa kitako, na nimejitahidi kutumia Kiswahili cha heshima. Ukikutana na neno kali ujue limeniponyoka baada ya kuzuiwa sana.

Kwa faida ya mjumbe yeyote atakayesema hakuelezwa, habari ilianza hivi. Mimi ni mjane wa marehemu ndugu yako. Napika mahamri na chai, nawapelekea watu kazini asubuhi kabla hawajafungua milango. Zamani wateja wangu walikuwa hapa hapa Bondeni. Tangu zile ghasia za uchaguzi za Januari wengine walihama na hawajarudi, na waliobaki wametawanyika: wako Free Area, wako Industrial Area, wako Milimani kule juu. Miguu yangu haiwezi kuwafikia wote chai ikiwa bado ya moto, na mteja akinywa chai vuguvugu mara mbili, ya tatu anainywa kwa mwingine. Bwana Ketan wa duka la vifaa vya ujenzi aliliona hilo, akanipa baiskeli ya mwanawe aliyekwenda kusoma ng'ambo. Ni baiskeli ya gia, zile za magurudumu manene za kupandia milima. Ina kasoro moja. Bomba la chini la fremu limebonyea, kwa kuwa Bwana Ketan aliwahi kuikanyaga akirudi kinyumenyume na pikapu. Bonyeo lenyewe ni kama alama ya kidole gumba kwenye unga uliokandwa, na mimi sijaona hamri lililokataa kuumuka kwa sababu ya alama ya kidole.

Baiskeli ililala kwangu usiku mmoja. Kesho yake kamati ikaichukua kwa ajili ya usalama wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kikao cha kuijadili fremu kilifanyika barazani kwangu bila mimi kualikwa, ingawa mahamri yangu yalialikwa. Nilisikiliza kupitia dirisha la jikoni nikiwachemshia chai. Fundi Obura aliigonga fremu kwa spana, akatega sikio, akagonga tena, halafu akapaza sauti ili nisikie: "Mathe, hii fremu iko sawa, lakini haiko sawa." Wajumbe wakatikisa vichwa kana kwamba wamefunguliwa macho. Mkaamua baiskeli isipandwe kabisa mpaka ijulikane kama ni salama. Kisha mkaamua kwamba njia ya pekee ya kujua kama ni salama ni kuipanda.

2. Katibu wenu, Bwana Khaemba, ndiye aliyeanza kuijaribu. Alisema anazunguka uwanja tu asikie kama fremu inalia. Alirudi wakati wa magharibi kutoka Lanet, nje ya mji, kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Ripoti yake ilikuwa kwamba baiskeli inavuta kidogo kushoto, hasa ukiwa na kuku.

3. Mweka hazina, Bi Jelagat, hapandi baiskeli, na sikudhani atakuwa na neno. Kumbe kuna jaribio la mzigo. Gunia la viazi lilifungwa kwenye karia huko sokoni likasukumwa hadi mlangoni kwake. Fremu haikulalamika. Nilipouliza kama sasa tumejua, niliambiwa viazi ni mzigo uliotulia, binadamu hutikisika. Viazi vimeendelea kuja kila wiki, na matokeo bado yanasubiriwa.

4. Maji yalipokatika, Obura aliijaribu kwa mitungi ya maji, huku na huku, mtaa mzima ukashuhudia. Namshukuru kwa mtungi mmoja alioniletea. Aliushusha akaniambia, "Mathe, bado naichunguza," na jasho lilikuwa limemtoka hivyo sikuweza kumjibu ovyo.

5. Sasa nakuja kwako, Shemeji, na nakuja taratibu. Wewe huipandi. Wewe unaitunza tu. Lakini kiti kimeinuliwa kikalingana na miguu yako mirefu, tairi zimejazwa upepo, na wiki jana imetokea na kengele. Nimeuliza watu wanaojua, nikaambiwa kengele haina uhusiano wowote na uimara wa fremu. Ijumaa ulipita nayo hapa kwangu ukienda msikitini, kanzu umeikusanya kwa mkono mmoja, ukapiga kengele. Nilikuwa natembea na kikapu kichwani. Ulinisalimia vizuri sana.

6. Kutokana na hayo naona kwamba bonyeo hilo lina tabia ya pekee. Limembeba Khaemba na kuku wake, limebeba viazi, limebeba maji, limembeba mwenyekiti na kanzu yake. Hatari yake imejificha ikinisubiri mimi, ambaye gunia la Bi Jelagat linanishinda uzito. Kama ni buibui langu kuingia kwenye mnyororo, semeni buibui. Kama ni umri wangu, au watu wa mtaa watasema nini wakimwona mjane juu ya baiskeli ya gia, semeni hivyo, tubishane juu ya hilo. Msikisingizie chuma.

Kwa kuwa kamati imeshaweka kanuni, naomba kanuni itumike kwa haki. Kila chenye kasoro mtaani kichukuliwe kutoka kwa mwenyewe, kwa usalama wake, kikajaribiwe na wengine. Mimi najitolea. Redio ya Khaemba ina ufa mgongoni; iletwe kwangu niisikilize jioni mpaka nitosheke. Kochi lako kubwa, Shemeji, lina mguu uliofungwa waya, na Sumeya mkeo hulikalia kila siku bila kujua anachezea maisha. Nitalikalia mimi kwa niaba yake. Sufuria ya pilau ya Bi Jelagat imebonyea kuliko fremu yangu, naye bado anawalisha watoto kutoka humo. Iletwe ikiwa na pilau, kwa kuwa sufuria tupu haiwezi kupimwa. Mkiona hayo ni mzaha, basi mnajua ninavyojisikia. Mpaka nijibiwe, chai ya kamati imesimama.

Shemeji, niruhusu sasa nimwandikie shemeji, mwenyekiti apumzike kidogo. Sijasahau kamati hii ilizaliwa lini. Januari mlikaa pale kona na mablanketi mabegani, wewe, Khaemba, Obura na Jelagat, kila mmoja na kabila lake, nami nikiwaletea chai, na hakuna nyumba ya mtaa wetu iliyoguswa. Nililala kwa sababu yenu. Lakini yale yamepita na hofu haikuondoka nayo. Imebaki mtaani haina kazi, ikizunguka, mpaka ikaiona baiskeli yangu. Nakuelewa. Hata mimi mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo unaruka. Ila siwezi kuishi nikilindwa dhidi ya kazi yangu mwenyewe. Wateja wa Milimani wameshaniambia kuna kijana anawaletea mandazi kwa pikipiki. Nikiwapoteza hao, sina wengine wa kuwatafuta, na utakuwa umenilinda mpaka nikae na njaa mlangoni kwako.

Naiomba baiskeli yangu Jumatatu alfajiri, kiti kikiwa kimeshushwa.

Nisalimie Sumeya na watoto, nisalimie wajumbe wote, na Khaemba umsalimie pamoja na kuku, kama wapo hai.

Ni mimi, niliye salama kupita kiasi,
Khamisa.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaikunja, navaa viatu niilete, Khaemba akaja mbio bila kofia. Fremu imekatika. Imekatika pale pale penye bonyeo, karibu na uwanja wa Afraha, barabara tambarare, hakuna shimo, wewe ukiwa juu yake unakwenda polepole ukipiga kengele.

Nilikuja kukuona. Kiwiko kimechubuka, kifundo cha mkono kimevimba, kanzu imeisha. Sumeya alikuwa anakukanda kwa maji ya moto. Ulinitazama ukasema, "Sasa tumejua," ukageukia ukutani. Nilitaka kucheka, lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi yako. Jumatatu alfajiri ningekuwa nashuka mteremko wa Milimani, chupa za chai ya moto nyuma, malori ya barabara kuu chini yananisubiri.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la kuku. Barua naituma jinsi ilivyo kwa kuwa sina moyo wa kuandika nyingine. Chai ya kamati inarudi kesho, na mahamri ya nazi ni yako peke yako. Khaemba na Obura wameniambia kwamba kuanzia Jumatatu watabeba chupa zangu kwa zamu mpaka Milimani, na sikuwaomba.

Obura anasema fremu inaweza kuchomelewa ikawa sawa, na safari hii hakuongeza kwamba haiko sawa. Ikishachomelewa, naiomba kamati iichukue tena, iijaribu kwa viazi, kwa maji na kwa chochote kile, kwa muda wowote itakaouona unafaa. Sitauliza lini.

Ila wewe, Shemeji, usiipande. Ni kwa usalama wako.