Koo Langu na Tangi la Maji ya Mvua

Alhamisi, 6 Agosti

Tumefika. Kwaya nzima ya shule, watu ishirini na wanane, kwenye makao ya wazee. Kazi za huduma mpaka Jumamosi, Jumapili tunaimba kanisa la hapo jirani. Solo ni yangu. Ubeti wa pili wote, peke yangu. Mama anakuja. Hajawahi kunisikia nikiimba peke yangu ila bafuni, na huko hunigongea mlango nitoke.

Mwalimu wa kwaya akasoma majukumu. Mdogo wangu, ambaye naye yuko kwaya kwa bahati yangu mbaya: kuwasomea wazee barua zao, kitini, kivulini. Mimi: kusugua tangi la saruji la maji ya mvua, kwa ndani. Ati ni mimi tu ninayepita kwenye mdomo wake. Nikachungulia. Tope la kufika vifundoni, na chura aliyeniangalia kama mwenye nyumba.

Nimewaza mpaka nimepata. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemtia mwimbaji wake wa solo, mwenye koo bovu, ndani ya tangi lenye baridi. Kesho sina sauti.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeamka sina sauti. Kwenye chai nilinong'ona tu, mwalimu akashtuka. Akavua mtandio wake, akanizungushia shingoni, akanikataza kusema neno lolote mpaka atoe ruhusa. Tangi likaahirishwa. Nikakaa juani kama mgeni rasmi. Mdogo wangu alinitupia jicho la pembeni. Ananijua huyo.

Saa nne mambo yakaharibika. Kumbe mmoja wa wazee ni bibi aliyefanya kazi ya uuguzi miaka arobaini, na tangu astaafu hajapata mgonjwa. Nimekabidhiwa kwake. Kusukutua maji ya chumvi kila saa. Kujifukiza ndani ya blanketi. Akanimulika kooni kwa tochi, akatazama weee, akasema tu chumvi iongezwe.

Kisha mwalimu akampa mdogo wangu solo yangu. Alisema ni kwa tahadhari. Ningepinga, lakini sina sauti. Nikaandika malalamiko kurasa tatu. Akasoma mistari miwili, akaniambia nipumzishe na mkono.

Jioni nikaazima simu ya mpishi, nikajibanza nyuma ya stoo, nikampigia Mama asisahau viatu vyangu vyeusi vya kung'aa. Tuliongea dakika kumi. Kuongea ni kutamu, jamani.

Jumamosi, 8 Agosti

Mdogo wangu anafanyia mazoezi ubeti wangu chini ya dirisha la chumba ninamojifukiza. Makusudi. Ubaya ni kwamba anaimba vizuri. Pale juu, mimi ninapopanda kwa kujivuta, yeye anapanda kama anapanda ngazi za nyumbani. Wivu ulinishika mpaka machozi yakanitoka. Bibi muuguzi akadhani ni mvuke.

Nikapanga kupona kwa hatua. Asubuhi kunong'ona, mchana kukwaruza, jioni kuongea, kesho kuimba. Saa sita nikakwaruza neno moja. Mwalimu akaweka kidole mdomoni, akasema nisijiumize, nimwachie mdogo wangu abebe mzigo huu. Mzigo!

Alasiri, babu wa chumba cha pili akaniletea kopo lake la asali. Mwanawe humletea moja kila baada ya miezi mitatu, na alilobaki nalo ni hilo. Nilijisikia mwizi kabisa. Nikalamba vijiko viwili tu. Vitatu.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisa lilijaa. Mama kiti cha mbele, mfuko wa viatu mapajani. Wazee wote waliletwa. Mchungaji akawaomba watu wamwombee binti wa kwaya aliyepoteza sauti. Nikaona nafasi ndiyo hii. Maombi yalipoisha nikaitikia Amina, kwa sauti yote niliyokuwa nimeiweka akiba siku mbili.

Vigelegele. Babu wa asali akalia. Mchungaji akanipa kipaza sauti nitoe ushuhuda. Ningesema asante nikakaa. Lakini watu walikuwa wananisikiliza, na mimi nikisikilizwa sijui kunyamaza. Nikaeleza maumivu. Nikaeleza jinsi nilivyoshindwa kumeza hata mate. Nikasimulia ndoto ambayo sikuiota. Nilipomaliza, mwalimu alikuwa anatazama saa. Muda wa kwaya nilikuwa nimeumaliza mimi. Tukaimba ubeti wa kwanza na kiitikio, tukaketi. Ubeti wa pili haukuimbwa na mtu.

Nje, mbele ya mwalimu na bibi muuguzi, Mama akaniuliza yule aliyempigia Ijumaa jioni kuhusu viatu alikuwa nani. Nikatafuta sauti. Safari hii haikuwepo kweli. Bibi akasema yeye alijua tangu siku hiyo, koo lilikuwa safi kama sahani. Ile chumvi ilikuwa dawa ya uongo. Mwalimu akanivua mtandio wake, akanipa brashi. Basi linaondoka saa kumi, alisema, na tangi halijaenda popote.

Nikaingia, peku. Nikasugua huku nikilia kwa hasira na aibu. Baadaye nikajikuta naimba ubeti wa pili, nikimwimbia chura. Saruji ikanirudishia sauti nene, tamu, hata sikuamini ni yangu. Nilipotoa kichwa nje, wazee walikuwa wameleta viti vyao wamelizunguka tangi. Mama amesimama nyuma yao, macho yamelowa, mfuko wa viatu bado mkononi. Akaniambia niimbe tena. Nikarudi ndani, nikaimba tena. Mdogo wangu akaitikia kutoka nje, na sikumchukia.

Jumatatu, 10 Agosti

Mwili wote unauma. Nimemwandikia babu wa asali barua ya kuomba radhi. Mdogo wangu ameikagua na kunirudisha kwenye idadi ya vijiko. Nimemwahidi Mama sitadanganya tena kuhusu koo. Nimeahidi koo tu.

Desemba tunarudi. Solo ni yangu, wazee wenyewe wameomba. Kazi ni kupaka rangi dari, siku tatu, shingo juu. Nimefikiri sana, nimeamua. Mgongo. Mgongo haumulikwi kwa tochi, na solo haiimbwi kwa mgongo.