Malalamiko Dhidi ya Mtoto wa Dada Kuhusu Kabati la Chipu

Kwa Mama Mkubwa,
Mgawaji wa Vyumba, Makabati na Zamu za Kuosha Vyombo.

Shikamoo.

YAH: MGENI WA WIKI TATU KATIKA CHUMBA CHA NYUMA

Kabla ya yote naomba nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kile kibandiko cha "HATARI: UMEME MKUBWA" kwenye kabati la chumba cha nyuma nilikibandika mimi. Ndani hakuna umeme. Kuna chipu mia moja arobaini na tatu za kompyuta za zamani, nyingi zilitengenezwa kabla sijazaliwa, na nilitaka zikae kwa amani. Zimekaa kwa amani miaka miwili. Hata fundi uliyemwita kurekebisha bawaba aliliangalia kabati kwa mbali, akasema atarudi, na hajarudi.

Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele yako maneno hunikauka. Umeamua kwamba ifikapo Jumamosi kabati liwe tupu ili ziwekwe nguo za mtoto wa Dada, na chipu ziende stoo, chini ya tangi linalovuja. Zikienda huko miguu yake ya chuma itashika kutu kabla sijamaliza shule. Sina ugomvi na mtoto. Nina malalamiko machache tu dhidi yake, na nimeyapa namba ili yasomeke vizuri.

1. Unyevu. Chipu hutakiwa kukaa pakavu. Kabla mtoto hajahamia, kipimaunyevu changu kilisoma asilimia arobaini na tano. Tangu nepi zianze kuanikwa ndani ya chumba, kinasoma sabini na nane. Nilimweleza Dada kwa adabu. Akanijibu, "Mdogo wangu, mwambie mwenyewe aache kukojoa." Nimemwambia. Hakuonyesha nia ya kushirikiana.

2. Mwanga. Baadhi ya chipu zina kidirisha cha kioo mgongoni, na zikipigwa na jua siku nyingi husahau kila kilichoandikwa ndani. Moja aliniachia marehemu Mjomba, ambaye wewe unajua alivyokuwa fundi. Ndani yake aliandika programu iliyokuwa ikipiga kengele ya shule yetu, na nakala nyingine haipo. Sasa kila asubuhi pazia linafunguliwa na mlango wa kabati unaachwa wazi, eti mtoto apate jua. Naomba ieleweke kwamba mtoto hana cha kusahau. Ana wiki tatu.

3. Umemetuli, yaani ule umeme mdogo unaotuama kwenye nguo na kukuchoma kidole ukishika kitasa. Mtoto hufunikwa blanketi la nailoni lenye picha ya sungura. Cheche moja ya sungura huyo, ambayo wewe hutaihisi, inaweza kuua chipu papo hapo. Napendekeza kila anayetaka kumbeba mtoto avue soksi na kugusa kwanza bomba la jikoni, ndipo aingie. Mama yake Shemeji alipokuja nilimwelekeza hivyo. Akaniuliza, "Kwani huyu mtoto ana ugonjwa gani?" Naomba radhi kwa simu zote ulizopokea baada ya hapo.

4. Poda. Ipo kila mahali. Sitasema zaidi.

5. Haki. Nimelinganisha pande zote mbili bila upendeleo. Chipu hazili, haziogeshwi, na zikitunzwa vizuri zitakaa miaka hamsini bila kubadilika. Mtoto, kwa maelezo ya Dada mwenyewe, nguo za leo hazitamtosha mwezi ujao. Kumpa kabati la kudumu mtu asiyekaa na saizi moja hata mwezi si mpango mzuri.

Kwa hiyo naomba mtoto ahamishiwe sebuleni, sebule ihamie barazani, nawe uniazime rafu mbili za chini chumbani kwako, ambako jua haliingii, mpaka nimalize shule, nimalize chuo na kupata nyumba yangu. Ramani nimeiambatanisha.

Nisalimie wote humu ndani, ingawa tutaonana mezani. Msalimie Shemeji, na mtoto pia, maana sina kinyongo naye.

Ni mimi mwanao mtiifu,
wa chumba cha kati.

Tanbihi: Hayo niliyaandika jana. Leo mchana, kabla sijaipitisha barua chini ya mlango wako, Dada aliniwekea mtoto mikononi akaenda kuoga. Mtoto alilia mpaka akabadilika rangi. Nilimwimbia. Nilimsomea ukurasa mzima wa fizikia. Hakutaka. Karibu yangu kulikuwa na mrija wa plastiki ambamo chipu ishirini hukaa kwa foleni. Nikautikisa kidogo, akanyamaza. Nikiacha, analia. Niliutikisa dakika arobaini, jambo ambalo hakuna kitabu kinachoruhusu, na chipu saba zimepinda miguu.

Dada alipotoka alisema, "Kumbe una mkono wa kulea."

Nimetoa kila kitu kabatini na kulifuta. Chipu ziko chini ya kitanda changu, ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nimepima humo: arobaini. Ya Mjomba nimeibandika utepe mweusi kidirishani na kuifunga kwa karatasi ya alumini. Nguo za mtoto nimezikunja, zimejaa rafu tatu. Mrija mmoja nimeuziba kwa gundi ncha zote mbili nikampa Dada. Chipu zilizomo ni za aina ambayo ninazo nyingi.