Uzinduzi wa Kitalu cha Maua ya Kudumu, Kibuli

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikieleza kabla umeme haujatukatisha, nyuki si mdudu, nyuki ni stekiholda. (Makofi.) Mheshimiwa mwakilishi wa wilaya, waheshimiwa wenyeviti wa LC zetu za mitaa mliofika na mliotuma udhuru, masheikh wetu, mabwana polisi na wake zenu, madereva wa boda boda mlioegesha kwenye kivuli cha wageni, mama zangu wa Kibuli, na juu ya wote, kwa utaratibu niliouidhinisha mwenyewe, mke wangu Nabilah, yule pale mbele mwenye mtandio wa rangi ya machungwa, (vigelegele) ambaye tangu tuoane mwezi uliopita hata mafaili ya ofisini yananukia vizuri: itifaki imezingatiwa.

Mimi Nasur, Mwenyekiti wa Kamati ya Maua, Nyuki na Mashada Yanayohusika, naripoti kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kwamba mradi umefaulu kwa asilimia mia moja na nne, hizo nne zikiwa ni za dua. Ua la kudumu, ndugu zangu, si kama yale yanayochanua msimu mmoja yakafa. Unatawanya mbegu juu ya udongo uliochekechwa, unazifunika kama unavyopaka poda, unanyunyiza maji taratibu, na mwaka wa kwanza linakupa majani matupu; subira ikitimia linachanua, unakata asubuhi, unatia kwenye ndoo, linachipua tena, na machache unawaachia nyuki na vipepeo, kisha mashada yanapanda Nakasero kwenye meza za hoteli. Nilimwambia Nabilah kwamba hiyo ndiyo ndoa. Alinijibu kwamba yeye majani matupu mwaka mzima hayawezi. (Kicheko.)

Naona mkono wa Mama Fatumah. (Minong'ono.) Mama Fatumah anauliza, kwa adabu, maana hapigi kelele yeye, ni sauti yake tu, miche iko wapi, kwa kuwa kwa agizo langu aling'oa matuta yake yote ya dodo, mchicha ambao watu walikuwa wakiufuata hadi mlangoni kwake, na sasa udongo uko wazi na wateja wamehamia kwa jirani.

("Mheshimiwa, dodo nimeng'oa. Watoto wangu wale nini?")

Hilo ni swali la kimkakati. Mtaalamu wetu wa wakishopu alisema baadhi ya mbegu hizi hulala mpaka zipate baridi kali, na kwa kuwa Kampala haijatengewa baridi katika bajeti yoyote, nilitoa friji yangu. Mbegu zote zilikaa humo, ndani ya chupa moja, zikisubiri. Ikaja wiki ya harusi. Mashangazi wa bibi harusi wakashuka kutoka Bombo kumsinga mwali wao, kumsugua mwili kwa viungo vya kunukia, na mnajua sisi Wanubi, mwali hatoki bila kusingwa. Wakafungua friji ya bwana harusi, wakakuta chupa imefunikwa vizuri, wakasema huyu kijana ana heshima, ameagiza manukato ya ng'ambo. Wakatwanga mbegu zote pamoja na msandali na karafuu. (Kicheko kirefu.) Siwalaumu. Nabilah alipotoka nilisahau cheo changu, na kipepeo mmoja alimfuata hadi kwenye gari. Hiyo, waheshimiwa, ndiyo impakti.

(Sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo kitalu kiko wapi?")

Kitalu, kwa lugha ya kitaalamu, kiko katika hatua ya kutokuwepo. Tusikate tamaa! Maua! (Oyee.) Nyuki! (Oyee.) Nabilah! (Vigelegele.) Nawashukuru wote kwa kujitokeza kuzindua mradi ambao haujapata kuota hata jani, na utepe huu nitaukata hivyo hivyo kwa sababu mkasi umeshaletwa.

(Mama Fatumah bado amesimama. Nabilah naye anasimama, anakwenda kando yake, anamshika mkono. "Nasur, mjibu mama.")

Mama... rudisha dodo yako. Mbegu za dodo tutaleta sisi, na matuta tutalima sisi. Hiyo si ahadi ya kamati, kamati ingehitaji kikao. Ni amri ya nyumbani kwangu. Kabla ya mwezi huu kwisha tutafika kwako, mimi na mke wangu, na majembe mawili, na ameshaniambia lile zito ni langu.